Dobi Hapimi Nguo Mbichi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbishi alichambua nguo za wateja: nyeupe huku, za rangi kule, na soksi zisizo na jozi kwenye kikapu kidogo karibu na mlango. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa sababu hata akiambiwa jua limewaka, alitoka kwanza nje kuhakikisha. Mama yake alikuwa dobi. Mjomba alipiga pasi, na katikati ya pasi alipiga porojo.

Nguo za wateja zilipimwa kwa mizani ya kuning'inia. Lakini siku hizi mama alikuwa na mizani nyingine chumbani, ya kukanyaga. Nesi wa zahanati alimwambia kwamba magoti yake yamechoka kubeba mwili. Asipopungua, itabidi aache kazi ya kusimama. Mama hakulalamika. Alipunguza wali, akaongeza mboga, akaacha soda, na kila jioni akatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Mshale wa mizani ulishuka kidogo kidogo, na uso wake ukakunjuka.

Kisha asubuhi moja akapanda mizani, akaganda.

"Kilo mbili zimerudi," alisema. "Kwa usiku mmoja."

"Dada, nilikwambia," mjomba alisema kutoka kwenye meza ya pasi. "Sisi ukoo wetu ni magogo. Huwezi kuchonga gogo likawa njiti ya kiberiti."

Alisema hivyo huku akimpokea mama beseni la shuka zilizoloa na kwenda kuzianika mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa: ulimi wa mwiba, mikono ya pamba.

"Basi leo sili kabisa," mama alisema. "Na kesho mshale usiposhuka, naacha yote. Nimechoka kuchezewa."

Mbishi alikwenda shule. Aliporudi, alimkuta mama amekunywa chai tupu tangu asubuhi, naye ameegemea meza ya pasi asianguke. Akaingia chumbani, akaipindua mizani. Chini yake palikuwa na kigurudumu kidogo cha kurekebishia mshale. Akakizungusha nyuma.

"Tutaona nani mkubwa, wewe au mama yangu," aliiambia mizani.

Kesho yake, siku isiyo ya shule, mama alipanda mizani. Mshale ulikuwa umeshuka sana, lakini hakufurahi. Alishuka, akautazama mshale. Mizani ilikuwa tupu, lakini mshale umelala chini ya sifuri.

"Mbishi. Njoo hapa."

Mbishi alikwenda. Hakutafuta uongo wa pili. "Ni mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Inakuonea. Wewe unajinyima, yenyewe inakutukana. Nikaona na mimi niionee."

Mama aliuma midomo kuzuia kicheko. "Umenipunguzia kilo kwa kidole. Sasa magoti yangu nani atakayeyaambia?"

Mbishi aliinamisha kichwa, akakirudisha kigurudumu mahali pake. Kisha akainua uso. "Nimekosa. Lakini kuacha sikubali. Twende kwa nesi atueleze."

Kwenye zahanati, nesi alipoona mama anahangaika kukaa kwenye benchi la chini, aliinuka akampa kiti chake mwenyewe.

"Usiku ule kabla kilo hazijapanda, ulikula nini?" aliuliza, baada ya kusikia habari yote.

"Samaki mkavu wa chumvi. Kaka yangu alimleta."

"Kiu je?"

"Nilimaliza jagi zima la maji."

"Ndiyo hiyo, mama. Chumvi hushika maji mwilini. Kilo mbili za mafuta haziji kwa usiku mmoja. Ungelazimika kula sufuria kwa sufuria bila kulala. Hayo ni maji, na chakula kilichokuwa bado tumboni. Huja, huondoka. Tena kujinyima siku nzima hakusaidii. Utaanguka na pasi ya moto mkononi."

"Kwa hiyo mizani ni mwongo," Mbishi alisema.

"Si mwongo. Inapima kila kitu, mafuta na maji, haichagui."

Mama akacheka mpaka wagonjwa wakageuka. "Mimi huyu. Juzi mteja kaniletea shuka zimenyeshewa mvua, nikamwambia zikauke kwanza, dobi hapimi nguo mbichi. Shuka bichi ni zito, likikauka ni jepesi, na shuka ni lile lile. Halafu mwili wangu naupima mbichi, nalia."

Nesi naye akacheka. "Basi jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, ukishatoka chooni, kabla hujala. Usiiangalie siku moja, angalia mwezi unaelekea wapi." Akamgeukia Mbishi. "Na wewe, mlinzi wa mama, kula ushibe. Mwili wako bado unajengwa."

Tangu hapo mshale ulipanda na kushuka, lakini kila mwezi ulioisha uliuacha chini kuliko mwezi uliotangulia. Asubuhi moja ulikuwa umepanda tena kidogo. Mjomba akachungulia mlangoni.

"Dada, mizani imekushinda."

"Imenishindaje, na mimi ndiye niliyesimama juu yake?"

Mama alishuka, akafunga aproni, akasimama kwenye meza ya pasi. Alinyoosha mashati mpaka adhuhuri, wala hakuulizia kigoda. Mbishi aliyatazama magoti yale na moyo ukamtulia.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema. "Usimdanganye mtu ili kumpa moyo. Mtafutie ukweli, umsaidie kuuelewa. Huo ndio utakaompa moyo. Na ukiwa katika njia nzuri, siku moja mbaya isikutoe. Siku moja haina mamlaka ya kuuhukumu mwezi mzima."

"Na ikihukumu?"

"Tunakata rufaa," mama alisema, akamtupia shati alikunje.