Doa Katikati ya Kioo

Kila Jumamosi asubuhi, Neža alivaa kofia yenye taa, akabeba chupa ya chai na kumfuata shangazi yake, Darinka, hadi pangoni. Shangazi alikuwa akihesabu matabaka ya stalagmiti, nguzo za mawe zinazokua kutoka sakafuni kwa matone ya maji yenye chokaa. Ili ajue kama kila tabaka ni mwaka mmoja, alikuwa ametega kioo chini ya matone. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, kwa sababu mafuta ya ngozi huzuia chokaa kushika.

Baada ya miaka miwili, shangazi alikitoa kioo na kukiinua kwenye taa. Kilikuwa na ukoko mweupe kila mahali, isipokuwa katikati. Hapo palibaki doa tupu, lenye umbo la ncha ya kidole.

"Kazi yote imeharibika," alisema, akamgeukia mlinzi wa pango. "Mzee Lojze, ufunguo unao wewe peke yako."

"Sijakigusa, Darinka. Nimelilinda pango hili tangu hujazaliwa."

"Basi kimejigusa chenyewe?"

Mzee aliweka ufunguo juu ya jiwe, akatoka bila kuaga.

Neža alikunja ngumi ndani ya mfuko. Siku kioo kilipotegwa, alitaka tu kujua kama ni baridi. Sasa aliutazama ufunguo ulioachwa juu ya jiwe.

Jumamosi iliyofuata, mlango ulifunguliwa na kijana wasiyemjua.

"Mzee Lojze yuko wapi?" Neža aliuliza.

"Kaacha kazi. Amehamia mjini Koper kwa binti yake."

Machozi yakamtoka. "Shangazi, kidole kile ni changu."

Shangazi alitoa kioo mkobani, akaulinganisha mkono wa Neža na doa. Kidole kilikuwa kimeshakua kuipita alama yake.

"Na mimi sikutazama kama ni cha mtoto," alisema polepole. "Nilikimbilia kumshuku mzee."

Jioni walimpigia simu. Mzee aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho.

"Nashukuru mmesema," alijibu. "Lakini huko sirudi."

Wiki hiyo walitega kioo kipya. Neža alisimama mbali, mikono mfukoni.

"Kioo tutakisubiri miaka miwili, tutapata kingine," shangazi alimwambia. "Ungesema ukweli palepale, tungepoteza kioo tu."