Ukuta Uliokuwa Ukinywa Maji

Kila asubuhi binti yangu hukaa kwenye cherehani, nami hubeba ndoo. Yeye hushona, mimi humwagilia maua ya marehemu mke wangu. Aliyapanda mwenyewe nyuma ya nyumba, chini ya dirisha. Alifia kwenye foleni ya hospitali, wakubwa wakiwa kwenye mkutano. Tangu siku hiyo, miaka minne, sijaruhusu hata jani moja linyauke.

Nyuma ya dirisha hilo ndipo binti yangu anaposhonea. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa mbichi. Rangi ilibambuka. Ukungu mweusi ulianzia sakafuni ukafika magotini. Binti yangu alikohoa kutwa.

Mimi nilijua wa kulaumiwa. Mtaro wa barabarani umeziba, na ofisi ya mji haina habari. Niliwaandikia barua tatu. Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu, lakini hasira inasomeka. Hakuna aliyejibu. Basi nikaufunika ukuta mwenyewe kwa plasta ya saruji, nikapaka rangi ya mafuta. Baada ya miezi miwili ukungu ulirudi, safari hii ukafika kiunoni.

Siku moja binti yangu alitoka chumbani ameshika gauni la arusi la mteja. Begani lilikuwa na madoa meusi.

"Baba, hili ni la pili."

"Ni ule mtaro, mwanangu. Hawa wakubwa wetu..."

"Wakubwa hawalali humu. Nalala mimi. Nimepata chumba karibu na soko. Mwisho wa mwezi nahama."

"Na mimi je?"

Aligeuka kurudi chumbani. Alikohoa tu.

Nilikaa kibarazani kama mtu aliyemwagiwa maji. Jirani yangu kinyozi akaniona.

"Mzee Lawama," alisema, maana ndivyo wanavyoniita mtaani, "nenda kwenye kile chama cha hisani cha kutengeneza nyumba. Wamenitengenezea paa langu."

"Wanataka nini? Kura?"

"Wanataka jasho lako. Wao wanaleta fundi na vifaa, wewe unafanya kazi naye. Yako ikiisha, unakwenda kusaidia kwa mwingine siku mbili."

"Hakuna cha bure duniani."

"Si ndiyo nimekwambia si bure? Hayo masikio ni ya urembo?"

Nilikwenda, nikajiandikisha. Fundi wao alikuja Jumatatu. Alikuwa mama wa makamo, penseli sikioni. Nikamweleza habari za mtaro, na mimi nikianza simalizi upesi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kipande cha nailoni, akakibandika ukutani na kukiziba pande zote kwa utepe.

"Usikiguse mpaka kesho kutwa."

"Ndiyo matengenezo hayo, mama fundi? Nailoni?"

"Hilo ni swali, mzee. Tunauuliza ukuta. Matone yakikaa juu ya nailoni, upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya humu: mvuke wa kupikia, nguo mbichi, madirisha yaliyofungwa. Yakikaa nyuma yake, maji yamo ndani ya ukuta."

Kesho kutwa yake matone yalikuwa nyuma. Nikapiga makofi.

"Mtaro! Nilisema!"

Fundi akatoka nje kuutazama mtaro. Uko mbali na nyumba, tena bondeni. "Maji ya huko hayawezi kupanda mpaka hapa," alisema. Akazunguka nyuma, akasimama penye maua. Akapima kutoka dirishani hadi sakafuni kwa ndani, kisha kutoka dirishani hadi kwenye udongo kwa nje. Udongo ulikuwa juu ya sakafu kwa shubiri mbili. Kila mwaka niliongeza samadi.

"Nani anamwagilia haya?"

"Mimi."

"Kiasi gani?"

"Ndoo mbili."

"Kila siku?"

Nikaigeukia ndoo yangu. Binti yangu akatazama chini.

"Mzee, ukuta huu unanyweshwa na wewe. Udongo umeuegemea, nao ukuta unafyonza maji kama utambi unavyofyonza mafuta. Ile saruji na rangi ya mafuta zikayazuia yasitoke. Yakakosa njia, yakapanda juu."

Nikasimama mbele ya maua. "Maua haya hayang'olewi! Ni ya mke wangu."

"Nani kasema yang'olewe? Tunayahamisha."

Binti yangu akanishika mkono. "Mama alipanda maua, Baba. Hakupanda kikohozi."

Nilikwenda kuchukua koleo. Sikutaka mtu mwingine aguse mizizi ile. Nikachimba shina moja moja na udongo wake, nikayapanda yote kando ya lango. Kisha tukaushusha udongo mpaka ukawa shubiri moja chini ya sakafu, tukauinamisha ili maji ya mvua yakimbie mbali na nyumba. Fundi akafunga mfereji wa bati chini ya paa, ukamimina kwenye pipa. Ndani tukabandua saruji yote, na ukungu uliobaki tukausugua huku tumejifunga vitambaa puani. Binti yangu alikuwa amehamishia cherehani sebuleni.

"Sasa tunapaka nini?" niliuliza.

"Hatupaki. Fungua madirisha, tungoje."

Tulingoja wiki saba. Mwisho wa mwezi ulipita. Binti yangu alisema amemwomba mwenye chumba cha sokoni amvumilie. Mimi sikuuliza zaidi, niliogopa jibu.

Tulipobandika nailoni tena, ilibaki kavu pande zote. Ndipo fundi akapiga plasta ya chokaa na mchanga, inayouacha ukuta upumue.

Zamu yangu ya kusaidia ilinipeleka kwa mshona viatu. Ukuta mbichi, ukungu, naye anawalaani wakubwa. Nikatoka nje moja kwa moja. Ndoo yake ya maji ya kuogea ilikuwa ikimwagwa palepale kwenye msingi.

"Nani anamwaga hapa?" nilimuuliza. Akaigeukia ndoo yake. Nilimhurumia.

Mtaro bado umeziba. Barua ya nne nimeipeleka kwa mkono wangu. Maua ya lango nayamwagilia kwa maji ya pipa, na yameshaanza kuchanua.

Jana nilisikia nyundo. Binti yangu alikuwa amerudisha cherehani, amepiga msumari kwenye ukuta ule ule, ametundika gauni jeupe. Nikaugusa ukuta nyuma yake. Mkavu. Yeye alikuwa akishona, hakohoi.

"Na chumba cha sokoni?" niliuliza.

"Chumba kipi, Baba?" alisema, akaendelea kukanyaga cherehani.