Picha za Mboga za Jirani

Kila siku Bonareri alipotoka shuleni alifanya mambo yale yale. Alivua viatu mlangoni, akautundika mkoba kwenye msumari, akambadilisha nguo ndugu yake Brandon, mtoto wa miaka sita, kisha akawasha jiko. Alisonga ugali na kupika sukuma. Brandon akisema mboga hazina chumvi, aliongeza chumvi. Akisema imezidi, aliongeza maji. Kwa Bonareri yote yalikuwa mamoja, kwa sababu chakula chenyewe hakikuwa na ladha yoyote kinywani mwake.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwa hivyo tangu zamani. Mnamo Novemba mama yake, Ruth, alisafiri kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Siku ya kuondoka, Brandon alilia hadi akashikwa na kwikwi. Hata baba yao, Nyabuto, muuza mitumba wa soko la Daraja Mbili asiye na desturi ya kulia, alifuta macho na kusingizia vumbi, ilhali mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Bonareri hakulia. Aliyangoja machozi, nayo hayakuja. Kifua chake kilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya hadi ukafa ganzi, na ganzi hiyo haikumtoka.

Familia hiyo iliishi nje kidogo ya mji wa Kisii, kwenye barabara ya kwenda Suneka. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kibustani cha matuta sita, kati ya jikoni na bafu la mabati. Mama ndiye aliyekilima. Alipanda sukuma, vitunguu na managu, lakini fahari yake ilikuwa chinsaga, zile mboga chungu ambazo kwingine huitwa mgagani. Chinsaga zake hazikuwa kama za sokoni. Mashina yake yalikuwa ya zambarau, na mbegu zake zilitoka kwa nyanya yao aliyeishi Ekerenyo. Nyanya alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na shamba lake likageuzwa lote kuwa chai. Mbegu zilizobaki zilitosha kiganja kimoja, na Mama alizipanda zote kabla ya safari.

Jioni ya mwisho alimshika Bonareri mkono akampeleka bustanini. Kwenye mche mmoja, karibu na bafu, alikuwa amefunga kitambaa chekundu.

"Hizi zingine ukichuma, kata na maua, ndiyo zizidi kutoa majani," alisema. "Lakini huu wa kitambaa usiuguse kabisa. Huu ni wa mbegu. Ukikauka, vuna mbegu uweke kwa chupa. Kiangazi kikija, umwagilie maji ya kusuuza vyombo, si yale ya povu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Nikirudi nataka nipike chinsaga za mama yangu. Hilo tu ndilo naomba."

Mwezi ule wa kwanza baada ya safari Bonareri alifanya alivyoagizwa. Desemba ikapita, mvua ikakatika, jua la Januari likaanza kuchoma. Siku moja alirudi akiwa amechoka, akamwaga maji ya vyombo mlangoni. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Wiki ya pili majani yakalegea, ya tatu yakawa manjano. Alisimama akayatazama, akangoja ajisikie vibaya. Hakusikia kitu. Akarudi ndani akafunga mlango.

"Shamba la mama yako liko aje?" Baba aliuliza siku moja. Yeye alitoka nyumbani kukiwa na giza na kurudi kukiwa na giza, na nyuma ya nyumba alipaona kwa nadra.

"Liko sawa," Bonareri alijibu.

"Na wewe?"

"Niko sawa."

Baba aliridhika. Mtu akiambiwa mambo ni sawa baada ya kushinda juani akiita wateja, atauliza nini tena?

Mama alipiga simu kila Sabato jioni, baada ya kanisa. Mwajiri wake alimruhusu dakika kumi. Brandon alizimaliza karibu zote kwa habari za meno yake yaliyong'oka. Kisha Sabato moja Mama akasema, "Bonareri, geuza simu unionyeshe bustani yangu. Nimeiota usiku."

Bonareri hakuigeuza. "Bando inaisha, Mama. Nitakutumia picha."

Alikata simu, akatoka nje, akatazama matuta yake makavu. Ng'ambo ya ua, bustani ya jirani yao ilikuwa kijani kibichi. Jirani huyo ni Hawo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sabir, muuza mahamri na mwenye ulimi usiolala. Naye alikuwa amejifunza kwa Ruth kupanda chinsaga, ila mbegu zake alinunua sokoni. Bonareri alipanda juu ya jiwe, akanyoosha mkono juu ya ua, akapiga picha mbili. Akazituma.

Baada ya muda ukaja ujumbe wa sauti. Mama alikuwa akicheka. "Buya mono, vizuri sana, mwanangu! Sasa nitalala vizuri."

Bonareri alisikiliza ujumbe ule mara mbili. Alijua amefanya kosa, kama mtu ajuavyo jibu la hesabu, lakini kosa lenyewe halikumuuma. Kwa hiyo Sabato iliyofuata alituma tena picha, na iliyofuata pia. Mara ya tatu, Sabir, mtoto wa jirani waliyesoma naye Gredi ya Saba, alimkuta juu ya jiwe.

"Unapiga picha mboga zetu za nini?"

"Mwalimu wa kilimo ametuambia."

"Lini? Si mimi na wewe tunaketi dawati moja?"

Bonareri alishuka kwenye jiwe, akaingia ndani.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bonareri ilifika mwisho Sabato ya nne. Jioni ile Mama hakucheka. Ujumbe wake ulikuwa mfupi.

"Bonareri, picha nimeziona. Sabato ijayo nitapiga, na nitaomba unionyeshe ule mche wa kitambaa chekundu. Huo peke yake. Unajua hakuna mtu mwingine duniani aliye na mbegu za nyanya yako."

Bonareri alitoka mbio hadi kando ya bafu. Kitambaa chekundu kilikuwepo. Mche ulikuwa umesimama, mkavu kama ufito. Aligusa maganda membamba ya mbegu, nayo yakavunjika vidoleni. Yalikuwa yamekwisha kupasuka, na ndani hamkuwa na chochote.

Hapo ndipo kitu kilipomshtua kifuani. Ilikuwa hofu, nayo ilimuuma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba kusikia kitu chochote mahali pale.

Akili yake ilikimbilia njia ile ile ya kila Sabato. Bustani ya jirani ilikuwa na mche uliozaa mbegu. Angefunga kitambaa chekundu pale, apige picha, kisha aombe mbegu kidogo azitie chupani. Nani angejua? Alikifungua kitambaa, akapanda juu ya jiwe, akanyoosha mkono.

"Karibu," sauti ilisema. "Leo tutapiga picha ya harusi?"

Mama Sabir alikuwa amechuchumaa upande wa pili, akipalilia. Bonareri aliurudisha mkono wenye kitambaa.

"Sabir ameniambia," Mama Sabir aliendelea, akijipangusa mikono. "Nikasema, haki, mboga zangu zimefika Uarabuni na mimi hata Nairobi sijafika. Mama yako anaonaje? Ni nzuri?"

"Mama Sabir, nisamehe."

"Mboga sikukatazi. Njoo uchume hata sasa, mpike. Kitu nakataa ni kumlisha mama yako picha. Yule ameacha watoto wake, anaosha sahani za watu, na wewe unampa shamba la Hawo na kumwambia ni lake." Alimtazama usoni, na ukali ukampungua. "Na hicho kitambaa ni cha nini?"

Bonareri alimweleza yote, kuanzia siku ya kwanza ya kumwaga maji mlangoni. Alieleza kwa sauti moja, kama anayesoma orodha.

"Nilikuwa naona zinakauka, na sisikii chochote," alimaliza. "Hata Mama alipoondoka sikusikia chochote. Nafikiri mimi ni mtoto mbaya."

Mama Sabir aliinuka, akasogea hadi kwenye ua.

"Wewe si mbaya," alisema. "Umekufa ganzi tu, na ganzi ikianza kutoka huwa inauma. Lakini mimi si wa kuambiwa haya. Mwambie mwenyewe. Sabato ijayo geuza hiyo simu."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Jioni ya Sabato Baba alikuwepo, na Bonareri akaanza na yeye, kwa sababu alijua akichelewa atarudi nyuma. Baba alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akitazama matuta makavu kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kufika pale. "Hata mimi sikuja kuangalia," alisema tu. Kisha simu ikalia.

Bonareri hakusubiri kuulizwa. Aligeuza kamera. Akaonyesha tuta la kwanza, la pili, hadi la sita, yote vumbi. Akaonyesha mche mkavu, na kitambaa alichokuwa amekirudisha.

"Hii ndiyo bustani yako, Mama. Zile picha zilikuwa za mboga za Mama Sabir. Niliacha kumwagilia. Mbegu za Nyanya zimepotea. Nilikudanganya."

Bonareri alitazama kioo cha simu, akingoja kukemewa.

"Nilijua," Mama alisema.

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza nilifurahi tu. Kisha nikaziangalia tena, mashina yalikuwa ya kijani. Na kwa ile picha ya pili kulikuwa na birika la udhu limetundikwa kwa ua. Nikajiuliza, hii nyumba ya Wasabato imesilimu lini?"

Baba alishindwa kujizuia, akacheka. Mama naye akacheka kidogo, kisha uso wake ukabadilika.

"Nilikuwa nangoja uniambie. Lakini Bonareri, hata mimi nimekudanganya. Nakuambia kila Sabato nalala vizuri. Silali. Usiku naingia bafuni, nafungulia maji yamwagike, nalia, ndiyo watoto wa nyumba hii wasinisikie. Halafu nakupigia nasema niko sawa."

"Mimi sijalia, Mama," Bonareri alisema. "Tangu uende."

Na aliposema hivyo tu, machozi yakamtoka. Alilia kwa sauti, Baba akamshikia simu. Ilimuuma kweli, kama Mama Sabir alivyosema, lakini Bonareri hakutaka ikome.

Dakika zilipokaribia kuisha, Mama alisema haraka, "Sikia. Maganda yalipasuka hapo hapo, siyo? Basi mbegu ziko chini. Chinsaga hujipanda zenyewe. Msilime hapo. Wekeni ua, kuku wasichakure. Umwagilie kila siku, hata usipoona kitu."

Siku iliyofuata Baba alichelewa kwenda sokoni. Alikata fito, akazungushia mahali pale, na Brandon akamshikia misumari. Tangu siku hiyo Bonareri alipeleka maji ya kusuuza vyombo asubuhi na jioni. Sabir alimcheka juu ya ua: "Unamwagilia vumbi? Litazaa matope!" Bonareri aliendelea kumwaga. Wiki ya kwanza kukawa hakuna kitu. Sabato ilipofika alimwonyesha Mama ardhi tupu yenye unyevu, wala hakutafuta picha nyingine.

Siku ya kumi na moja, kabla ya kwenda shuleni, aliona vichipukizi vidogo viwili vimechomoza. Jioni vilikuwa vitano. Hakushangilia, kwa maana huenda yalikuwa magugu. Alingoja siku nyingine tisa, hadi miche ikafika urefu wa kidole, ndipo akapiga magoti akaitazama kwa karibu. Mashina yalikuwa ya zambarau.

Sabato hiyo wote walikusanyika nyuma ya nyumba, hata Mama Sabir aliyekuja na sahani ya mahamri. Bonareri aliisogeza simu karibu na miche. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akijifuta macho bila kujificha.

"Mwanangu," alisema, "shamba likikauka na ukasema, tutalimwagilia. Ukilificha, hata Mungu akileta mvua, utaogopa kulifungua lango. Mambo mabaya yaambie watu mapema, yakingali madogo. Hata yale ya moyoni. Hayo ndiyo ya kwanza kabisa." Akavuta pumzi. "Haya, na wewe uko aje?"

Bonareri alifungua mdomo aseme yuko sawa, kama ilivyo ada. Akaufunga. Akafikiri.

"Leo nimekukumbuka sana," alisema. "Nimekukumbuka mpaka nikashindwa kula asubuhi."

"Hapo sasa," Mama alisema polepole. "Hiyo ndiyo picha niliyokuwa naingoja."

Brandon akaomba zamu yake, kwa sababu jino lingine lilikuwa limelegea. Bonareri alimpa simu, akachukua hamri moja kwenye sahani, akaiuma. Ilikuwa na ladha, ya iliki na sukari nyingi mno, na akaomba ya pili.