Modeli Mpya ya Yaya Venant

Nilikwenda Muhumba, mtaa wa kando ya ziwa, kupeleka shati. Shati tu, naapa.

Jumapili ilikuwa misa ya kumaliza kilio cha mama yetu, na familia nzima ilikuwa imeshona kitambaa kimoja, cha kijani chenye maua meupe. Shati la kaka yangu mkubwa Venant, yaya kama tunavyosema kwetu, lilichelewa kwa fundi kwa sababu shingo yake imenenepa siku hizi. Mama alituzaa wawili tu, yeye na mimi, Adèle. Kwa hiyo nani mwingine angelipeleka? Jua lilikuwa linazama, mvua inanukia, umeme umekatika mtaa mzima kama kawaida yake.

Venant ni mnunuzi wa dhahabu. Anaichukua migodini Kamituga, anaiuza mjini, na faida yote anaionyesha kwa gari. Tena si gari la kubebea mizigo. Ni gari la mbio, jekundu, milango miwili, tumbo linakaribia kugusa udongo. Bukavu hii! Mji ambao hata pikipiki inachagua shimo la kupitia. Barabara nzuri ya kukimbizia gari la namna ile ni fupi hivi kwamba ukikohoa mara moja imekwisha. Lakini walikuwepo wanaume wachache mjini wenye magari hayo, na kila Jumamosi walijipanga pale, wakaunguruma kwenda, wakaunguruma kurudi, sisi wengine tunapisha na kucheka kichinichini.

Hakuna aliyeona magari yale yakivuka mpaka. Hakuna aliyeyaona yakipanda mlima kutoka bondeni, ambako hata malori hukwama. Yalionekana tu asubuhi, safi, bila tone la tope. Wenyewe walisema yanaletwa na Représentant, mtu wa kampuni. Kampuni gani? Hapo walibadilisha mazungumzo.

Siku Venant alipopata lake, alilifanyia arosage. Kwetu kitu kipya hakianzwi kikavu, lazima kinyweshwe. Mtu mmoja anachaguliwa amwagie tairi pombe, watu wanapiga makofi, halafu ndipo chupa zinazunguka. Marafiki walijipanga na bia zao, lakini Venant akawazuia. Alikuwa amemwita mama kutoka Miti, kijijini kwetu.

"Mama, ni weye utaanza," akamwambia. "Mutu mwingine apana."

Mama alikuja na kasiksi yake mwenyewe, pombe ya ndizi, ndani ya kidumu. Alivaa kitambaa chake cha Pasaka. Mikono yake ilinuka kinkina, lile ganda chungu la dawa ya malaria alilolianika juani maisha yake yote, harufu isiyotoka hata kwa sabuni. Alimwagia tairi moja baada ya jingine, polepole, huku analia kwa furaha. Alisema mtoto wake amemheshimu mbele za watu.

Baada ya hapo akaanza kuisha. Daktari mmoja alisema presha, mwingine alisema uzee. Tulimzika Miti kabla kinkina aliyoiacha juani haijakauka.

Basi jioni ile ya shati, lango la Venant lilikuwa wazi na mlinzi hayupo. Niliita, hakuna aliyeitika. Mvua ikashuka ghafla, na upepo kutoka ziwani ukaipeperusha hadi chini ya hangari ya mabati, kule gari lilikokaa. Shati lingelowa. Nikajaribu mlango wa gari, ukafunguka. Nikaingia, nikajifungia, nikaliweka shati mapajani.

Kiti kilikuwa na joto.

Nilidhani kuna mtu ametoka humo sasa hivi. Halafu nikanusa... Nikanusa tena. Ngozi ya viti, mafuta ya gari, na chini yake kitu kichungu, kikavu, ninachokijua tangu nikibebwa mgongoni.

Kinkina.

Nilitaka kutoka. Ndipo mkanda wa kiti ukateleza wenyewe begani kwangu, ukashuka kifuani, taratibu, kama mkono wa mtu mzee. Mimi sikuugusa.

Tak. Ukajifunga.

Kabla sijapiga kelele nikaona tochi zinakuja kwenye mvua. Vioo vya pembeni vilikuwa vyeusi, kwa hiyo wao hawakuniona. Wa kwanza alikuwa kaka yangu. Nyuma yake Stanislas, mwenye hoteli ndogo karibu na ziwa, ambaye mwaka jana alipata gari kama lile, na mwaka huohuo akafiwa na mke. Wa tatu alikuwa Modeste, kijana wa depo ya vinywaji, anamvuta mbwa kwa kamba. Wa nne sikumjua. Alivaa suti. Hakuwa na mwavuli, na suti yake ilikuwa kavu. Alikanyaga tope lilelile walilokanyaga wenzake, lakini viatu vyake havikuchafuka. Mbwa alilala chini, akaficha uso.

"Modeli ya mwaka huu," yule mtu akanong'ona, na nikamsikia vizuri kama aliyekaa karibu yangu, "inapita ile ya zamani. Taa mupya. Moteur mupya. Na prix imeshuka."

"Imeshuka mupaka wapi, Représentant?" Stanislas aliuliza.

"Huyu Modeste ataaroza na imbwa yake. Imbwa ikojolee tairi moja. Basi, amelipa."

Mvua ilipiga mabati.

"Imbwa?" Sauti ya Stanislas ilipasuka. "Imbwa! Miye nilitoa bibi yangu. Bibi wa ndoa ya kanisa! Mwaka jana tu!"

"Na miye nilitoa mama," Venant akasema.

Nilitoa mama.

Alisema hivyo, kama mtu anayelalamika kwamba simu aliyoinunua jana leo inauzwa nusu bei. Nilingoja sauti yake itetemeke. Ikatetemeka kweli, ila kwa hasira ya mbwa. Kaka yangu, aliyeanguka juu ya jeneza hadi watu watatu wakamwinua! Nilikuwa nimemshika kiuno siku ile ili asitumbukie kaburini. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojihurumia mimi mwenyewe. Kumbe nilikuwa nimemshika muuzaji.

"Mungetuambia tungoje," alikuwa anasema, anamdunga Représentant kidole kifuani. "Mutu anatoa kitu ya nguvu, nyuma ya mwaka munakuja kupatia batoto ya jana kwa bure. Iko heshima hiyo?"

"Na yangu nani ataitamani sasa?" Stanislas alidakia. "Modeste atapita mbele yangu na taa mupya, anicheke. Na imbwa!"

Modeste aliangalia pembeni, lakini nilimwona anatabasamu.

Représentant hakukasirika. Nadhani alizoea. Kila mwaka lazima wapo wanaomfokea hivi, mahali fulani.

"Kampuni inapenda ba clients bake ba zamani," akanong'ona. "Venant, uko na njia mbili. Ya kwanza, tunavunja biashara. Unarudisha gari, na siye tunakurudishia chenye ulitoa."

Akaweka kiganja chake juu ya boneti.

Nyuma ya mgongo wangu kiti kikajaa, kikapungua. Kikajaa tena. Kilikuwa kinapumua. Harufu ya kinkina ikawa nzito mpaka machozi yakanitoka, na katika kila pumzi nilisikia ule mluzi mdogo wa kifua cha mama, aliokuwa nao akipanda mlima.

"Maman yako iko hapa," Représentant akasema. "Hajaenda pahali. Anangoja weye useme."

Sikuweza kupiga kelele. Ulimi ulikuwa mzito, na mkanda umenibana. Lakini niliomba. Sijawahi kuomba namna ile hata kanisani. Sema ndiyo, yaya. Ni neno moja. Utapanda pikipiki kama sisi wengine, halafu kesho mama atakuwa jikoni anatugombeza. Sema ndiyo.

"Ao ya pili?" Venant aliuliza.

"Ao unatoa hii ya zamani na byote biko ndani yake. Unaongeza supplément, nyongeza kidogo. Unachukua mupya."

Venant alikuna shingo yake nene. Aliangalia gari. Aliangalia ziwa. Nilimwona mdomo unafunguka, nikajua sasa anasema.

"Ile mupya," akauliza polepole, "iko na rangi gani?"

Kitu ndani ya kiti kikaacha kupumua.

Sijui niliwezaje kubaki na akili. Nililia bila sauti, na nilimchukia. Naandika hivyo bila aibu: nilimchukia. Représentant alijibu bluu, bluu ya ziwa asubuhi, na kaka yangu akacheka kidogo kwa pua, kicheko cha mtu aliyeridhika. Kisha akasogea mbele kulikagua gari lake kwa mara ya mwisho. Tochi ikapita kwenye boneti, ikapanda kwenye kioo cha mbele.

Ikanipata usoni.

Tukaangaliana. Aliniona mimi, aliona mkanda, aliona shati la kijani mapajani kwangu. Midomo yangu ilifanya neno moja: yaya. Nilijua anashtuka, kwa sababu mwanga ulicheza. Halafu ukatulia. Akaiteremsha tochi chini, kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu.

"Na supplément utatoa nini?" Représentant aliuliza.

Venant aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akampa.

"Supplément iko tayari mule ndani," akasema.

Gari likawaka. Halikuwashwa na mtu. Lilikohoa kwanza, kikohozi kikavu cha kizee, mara mbili, halafu likaanza kurudi nyuma lenyewe kuelekea mteremko wa ziwa. Mkanda ulinikaba shingo. Nikaona taa za tochi zinakuwa ndogo. Nikaona miguu ya kaka yangu imegeuka, anaondoka.

Ndipo kiganja kikanigusa kifua.

Kiganja kigumu, chenye nyufa. Sikukiona. Nilikijua. Kilinisukuma kwa nguvu ambayo mama hakuwa nayo hata ujanani, tak, mkanda ukaachia, mlango ukafunguka, nami nikaanguka kwenye tope na majani. Nilikimbia bila viatu. Sikugeuka nyuma. Nilisikia maji ya ziwa yakifunguka na kujifunga, bila kelele nyingi, halafu nikasikia mvua tu. Shati lilibaki humo.

Jumapili Venant alikuja kwenye misa na gari la bluu. Alivaa shati jeupe, akasema fundi alimwangusha. Aliimba kwa sauti. Aliponipa amani ya Bwana mkono wake ulikuwa wa baridi, na hakunitazama. Ningemwambia nani? Yeye ndiye aliyeleta ng'ombe wa karamu. Mashangazi walikuwa wanagombania kupanda gari lake hadi nyumbani. Padri mwenyewe alilizunguka mara moja na kutikisa kichwa kwa kulisifu.

Nilidhani imeishia hapo. Nilijiambia nitamkwepa tu, maisha yangu yote, kama watu wanavyokwepa ndugu mlevi.

Jana jioni alikuja kwangu Kadutu. Nilikuwa napakua bugali. Nilipofungua mlango nilimkuta amesimama, macho mekundu, amekonda ghafla. Analia. Machozi ya kweli, ya mtu aliyeonewa.

"Adèle, umeniharibia," akasema.

Sikumkaribisha. Nilisimama mlangoni.

"Gari ilifika kwabo tupu. Tupu kabisa, shati tu! Banasema nimebadanganya. Weye haukukuwa mule, na mama naye hakukuwa mule." Alipangusa pua kwa mkono wa shati. "Juu ya nini ulitoka, Adèle? Ni batu benye hawajuwi huruma. Banataka supplément yabo. Miye nitalipa na nini sasa?"

Mama hakuwa humo. Nililisikia hilo peke yake. Basi alikwenda wapi? Alitoka na mimi, au alikwenda mahali pengine pabaya zaidi kwa ajili yangu? Sijui. Asubuhi nyingine nikifungua dirisha napata harufu chungu kidogo, halafu inapotea, na huenda ni majirani wanachemsha dawa.

"Yaya, enda," nikamwambia. "Enda zako."

Hakuondoka. Aliacha kulia. Ilikuwa kama bomba limefungwa. Macho yake yalipita juu ya bega langu, yakaingia ndani, yakatafuta, yakafika mezani ambapo binti yangu Gloire alikuwa anakula.

"Gloire, mutoto ya tonton," akaita, kwa sauti ileile tamu aliyomwitia mama. "Hujaona bado gari yangu mupya? Iko hapa inje. Kuya uimwagie maji kidogo kwa tairi, halafu tutembee."

Nilishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nilijaza mlango wote. Nilimwambia Gloire akae, asisogee, nikapiga kelele mpaka jirani akatoka. Lakini Gloire anampenda mjomba wake kuliko mtu yeyote duniani, na nyuma yangu nilisikia kiti kikisogezwa, halafu nikamsikia anatafuta viatu vyake.