Jibu

Jioni ile nilitoka tu kufunika pipa la maji. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho kila siku kabla ya rozari: kuanua nguo, kufunika pipa, kufunga mlango wa uzio. Lori la maji lilikuwa limepita mchana na pipa lilijaa hadi ukingoni. Kengele ya kanisa kuu hapa Kator, mjini Juba, ilikuwa imekwisha kulia. Jua lilikuwa limezama, lakini hakuna aliyewasha taa bado.

Mume wangu, Fortunato, alikuwa hajakaa sana kaburini. Watu wa matanga walikuwa wamekunja mikeka yao na kurudi kwao. Nilibaki na binti yetu, Kiden, ambaye alikuwa ndani akifanya hesabu za shule.

Nikashika kifuniko.

"Jibu."

Sauti ilitoka upande wa pili wa uzio wa mianzi. Ilikuwa ya chini, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusema na mtu. Nilichungulia kati ya mianzi, nikaona giza tu. Kulikuwa na harufu... dawa ya kupigia deki, na udongo uliochimbwa leo.

"Jibu," ikasema tena.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Mimi ni Mmadi. Nilikulia Uganda, kambini Adjumani, na Kiarabu cha Juba nilikuja kukiokota sokoni ukubwani. Fortunato alikuwa Mbari, kabila la hapa hapa Juba, Kiarabu alikinyonya kwa mama yake. Tulikutana Arua, na lugha iliyotukutanisha ilikuwa Kiswahili. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili. Sauti iliposema "jibu", mimi nilisikia Kiswahili. Nilisikia mtu anayetaka nimjibu. Na katekista wetu kambini alitufundisha tungali wadogo: ukiitwa usinyamaze, sema mimi hapa.

"Mimi hapa," nikasema.

Kisha nikasikia pumzi... ndefu, ya mtu aliyekaribishwa mezani baada ya njaa.

Nilipofungua mlango wa uzio, njia ilikuwa tupu.

Asubuhi yake niliamka mgonjwa. Si mgonjwa wa kuumwa mahali. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa. Midomo ilikuwa imepasuka. Miguu niliishusha kitandani kwa mikono, mmoja baada ya mwingine. Nilikunywa maji kikombe baada ya kikombe nikiwa nimesimama penye pipa, kisha nikaenda kazini.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kibarazani mtaa wa Hai Cinema, jirani na Resty, Mganda anayekaanga chapati. Siku ile nilitia uzi mdomoni niulainishe ncha, nipate kuupitisha kwenye tundu la sindano. Nikautoa. Ulikuwa mkavu vile vile.

Nikajaribu tena. Sikuwa na mate.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nililala mapema na nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kliniki walinipima malaria, taifodi, sukari, hawakuona kitu. "Mama, punguza mawazo," daktari akasema. Nilisali. Nilifunga. Jioni nilikuwa nashindwa kumaliza rozari kwa sababu sauti ilikuwa inakwama kooni.

"Mama Kiden, wewe unakauka kama mukene, dagaa wa kwetu," Resty aliniambia, akigeuza chapati. "Ama umepata bwana mwingine anakunyima usingizi?"

"Resty, bado navaa nyeusi."

"Si ndiyo nasema! Hiyo nyeusi inakaa kwako kama imetundikwa kwa msumari." Akacheka. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Dada. Ita padre."

Padre alikuja, akabariki chumba, akaniachia chupa ya maji ya baraka. Niliifunga kifuniko kwa nguvu nikaiweka kichwani pa kitanda.

Asubuhi niliamka na nafuu. Kwa mara ya kwanza nilisimama bila kushika ukuta. Nilipiga magoti nimshukuru Mungu, na mkono wangu ukaishika ile chupa.

Kifuniko kilikuwa kimefungwa kama nilivyokifunga.

Ndani palikuwa pakavu. Palikuwa na vumbi.

Nilimpelekea Resty aione. Aliigeuza, akaitikisa, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye unga.

"Shetani gani anakunywa maji ya baraka?" akanong'ona.

Kesho yake kiu ilirudi.

Kisha ikafika jioni niliyochelewa kazini. Nilipoingia nyumbani nilimkuta Kiden amesimama penye uzio, kikombe cha bati mkononi. Kilikuwa kitupu.

"Ulikuwa na nani?"

"Mtu tu, mama. Ana kiu. Alisema jibu, nikampelekea maji."

Sikumkaripia. Hapa Juba mtu akiomba maji mlangoni kwako hunyimi, hata kama humjui. Lakini neno lile lilinishika.

"Alitaka umjibu nini?"

Kiden akacheka, jinsi anavyocheka kila mara ninapokosea Kiarabu mbele ya wenzake. "Mama! Si Kiswahili, ile. Jibu ni lete. Jibu moya. Lete maji."

Nikakaa chini pale pale uani.

Neno lile nilikuwa nalisikia sokoni kila siku. Na nilikuwa nimelisikia mahali pengine. Siku yake ya mwisho wodini, homa ilimwondolea Fortunato Kiswahili chote. Kilibaki kile cha utotoni. Jibu moya, jibu moya, alisema, mpaka midomo ikawa inatikisika bila sauti. Nilitoka na kikombe kutafuta maji. Niliporudi nacho, walikuwa wameshamfunika shuka.

Sasa yeye, au yeyote yule aliyesimama pale, alisema lete.

Na mimi nikasema: mimi hapa.

"Mkono wake una plasta," Kiden akasema. Aligusa mgongo wa kiganja chake. "Hapa."

Hapo ndipo walipomchoma Fortunato sindano ya dripu. Plasta ilikataa kubanduka tulipomwosha, tukamzika nayo. Kiden hakuiona. Watoto hawaruhusiwi wodini, na jeneza lililetwa limefungwa.

Nilimvuta karibu. "Ni baba?" nikamuuliza kwa kunong'ona.

Alifikiri. "Hapana. Baba ananijua. Huyu aliniuliza jina."

"Ukamwambia?"

"Aliuliza kwa upole, mama."

Tangu siku hiyo nikawa naweka kikombe cha maji chini ya uzio kabla giza halijaingia. Nilimwombea misa. Nilikuwa nasema, pumzika, Fortunato, kunywa upumzike. Asubuhi kikombe kilikuwa kikavu, na mimi niliamka mzima. Nilianza kunenepa. Resty akasema sasa hata mchumba nitapata.

Lakini kikombe hakikutosha kwa muda mrefu. Ulimi wangu ndio uliniambia. Nikaweka jagi. Baadaye ndoo. Na kiangazi kikaingia, vumbi likajaa hewani, na dizeli ikaadimika mjini. Malori ya maji yakawa yanapita mara chache, kisha yakaacha kupita. Majirani waliokuwa wakinisaidia wakaanza kufunga mapipa yao kwa kufuli. Sikuwalaumu.

Katika siku hizo Kiden akapata malaria. Hii ilikuwa malaria ya kweli, kliniki waliiona. Alilala akichemka, na vidonge vyake vilikuwa mkononi mwangu. Niliinamisha pipa, nikakwangua chini kwa kikombe.

Kikombe kimoja. Cha mwisho.

Jua lilikuwa linazama.

"Jibu."

Nilisimama kati ya kitanda cha mtoto na mlango, kikombe mkononi.

"Fortunato," nikasema, "kama ni wewe, huyu ni mtoto wako. Anaumwa. Mwache anywe."

Ile harufu ikaingia chumbani... dawa ya deki, udongo.

"Jibu."

Kiden akafumbua macho. "Mama, kuna mtu anataka maji."

"Kunywa wewe. Kunywa yote."

Nilimwinua kichwa. Akameza vidonge, akanywa mpaka tone la mwisho. Nikamlaza. Kisha nikatoka na kile kikombe kitupu, nikaenda hadi penye uzio, nikaweka mdomo wangu kati ya mianzi. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Safari hii nilijua maana ya ninachosema.

"Mimi hapa," nikasema. "Chukua mimi."

Nilingoja ile pumzi.

Haikuja.

Badala yake nikasikia kitu kinakwaruza mianzi taratibu, kama kiganja kikavu. Kisha sauti ikasema, polepole, kama mtu anayesoma jina lililoandikwa mbali:

"Jibu... Kiden."

Kwa Kiarabu chao, lete Kiden. Kwa Kiswahili chetu, jibu, Kiden. Nilifungua mdomo nipige kelele mtoto anyamaze. Koo langu halikutoa kitu.

Na nyuma yangu, ndani ya chumba, katika homa yake, mtoto wangu mwenye adabu aliyesikia ameitwa...

"Naam, baba?"

Pumzi ikaja. Ndefu.

Nilikimbia ndani. Nilipanda kitandani, nikamkumbatia Kiden kwa mikono na miguu, rozari nimeizungusha kwenye mikono yetu wote wawili. Niliapa sitalala. Nilisali Salamu Maria mpaka maneno yakaanza kuchanganyika, Kiswahili, Kimadi, hata Kiarabu kile ambacho sikijui vizuri. Sikumbuki niliishia wapi.

Niliamka kumekucha. Jogoo wa jirani alikuwa anawika. Nilikuwa nimegeuka usingizini, nimelala uso ukutani.

Sikuwa na kiu.

Miguu yangu ilikuwa mepesi. Midomo ilikuwa laini. Sindano yangu ilikuwa imechomekwa kwenye pazia, uzi ukining'inia. Nikanyoosha mkono, nikautia uzi mdomoni, nikautoa.

Ulikuwa umelowa.

Nyuma yangu, upande wa Kiden, sikusikia hata pumzi. Nilikaa pale, uso ukutani, uzi mkononi, mpaka kengele ya misa ya asubuhi ikalia na kunyamaza, bila kugeukia upande wa mtoto.