Majivu Yaliyofagiwa Mapema

Mkwe wangu ni fundi cherehani. Kila asubuhi alisogeza mashine yake karibu na dirisha, akashona mpaka mwanga ulipomkimbia. Mumewe, mwanangu, ni mwashi. Hawakuwa na mali, lakini jikoni kwao hapakukosa moshi.

Jumamosi moja alikuwa akipiga pasi gauni la mteja. Umeme ukakatika. Akaiacha pasi juu ya gauni, akaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Hakuichomoa. Umeme ukarudi, yeye hayupo, pasi ikaiwasha nyumba. Alipoitwa na kuja mbio, paa lilikuwa limeshaanguka. Alijaribu kuingia, akaungua mikono yote miwili. Akalazwa siku nne.

Katika siku hizo nne ndipo nilipokosea.

Niliwaita akina mama wa kanisa. "Asiyaone majivu haya," niliwaambia. "Yatammaliza." Tukaja na mafagio na toroli. Kiongozi wa kwaya, tunayemwita Kengele kwa sauti yake, alisukuma toroli akihema. "Leo nimejua kwa nini punda hacheki!" Tukacheka. Tulifagia chumba cha kulala chote, tukamwaga jalalani. Gari la taka likazoa.

Mkwe wangu alipotoka hospitali nilimchukua kwangu. Nikampikia uji, hakuugusa. Watu wakaleta nguo, mafungu kwa mafungu, nusu hazina vifungo. Kila mmoja alikuja na neno lake.

"Ni mapenzi ya Mungu, dada."

"Shukuru, nyote mko hai."

Yeye alitazama ukuta tu. Alikunywa maji kidogo, kwa kubembelezwa.

Siku ya pili akaja muuguzi wa zahanati, ambaye pia ni shemasi wetu. Hakuhubiri. Alimfunga vidonda polepole, kisha akauliza, "Dada, kuna kitu ungependa tukutafutie kule?"

Mkwe wangu akageuza uso. "Kijiko," akasema. "Kijiko cha mwanangu. Kilikuwa kwenye kopo, chini ya kitanda."

Nilikijua. Mjukuu wangu wa kwanza alilishwa kwa kijiko hicho mwaka mmoja, kisha homa ikamchukua.

"Mwanangu," nikasema, "chumba cha kulala tumeshafagia."

"Nani aliwaambia mfagie, Mama? Nani?"

"Mimi."

Akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu moto. Kengele, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, alifungua mdomo amnyamazishe. Muuguzi akamshika Kengele mkono. "Muache alie. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila neno. Walipoanza kusema ndipo wakaharibu."

Kengele akafunga mdomo.

Nje, muuguzi aliniambia, "Bibi, ulifanya kwa upendo. Lakini nyumba iliyoungua bado ina mwenyewe. Muulizeni kwanza. Akitaka kwenda, msimwache peke yake. Umeme ukatwe, kuta zikaguliwe. Mvae viatu vigumu, mfunge pua na mdomo, mnyunyize majivu maji yasiruke. Watoto wabaki nyumbani."

"Na asipokula?"

"Akikataa hata maji, mlete zahanati siku hiyohiyo. Maombi na tiba havigombani."

Kesho yake mwanangu alikagua kuta, akabomoa mmoja ulioinama. Mkewe aliketi kwenye kiti nje, mikono imefungwa, akituonyesha pa kuchekecha. Tulipata mkasi. Tukapata kichwa cha cherehani, kimepinda. Nikaenda mpaka jalalani, nikapekua kwa fimbo mabaki yaliyoachwa na gari la taka. Kijiko hakikuonekana.

"Hakipo, mwanangu. Nisamehe."

"Sitakudanganya, Mama. Inauma. Lakini na mimi pasi niliiacha. Mungu atanisamehe kweli?"

"Hajakuacha hata siku moja," akajibu muuguzi, aliyekuwa amekuja kuchekecha pamoja nasi. "Nasi tumejifunza. Umeme ukikatika, chomoa kwanza, ndipo uondoke."

Mkwe wangu akaomba uji. Nikamnywesha mwenyewe, pale pale kwenye masizi.

Tangu hapo kanisa likaacha kukisia. Likamuuliza. Hakutaka nguo. Alitaka cherehani ya kuazima, na mtu wa kumsindikiza kufuatilia vyeti vya watoto vilivyoungua. Akapata vyote viwili. Miezi ikapita, mwanangu akainua kuta upya. Usiku mkwe wangu bado hushtuka, akaenda kupapasa soketi.

Juzi nyumba ya muuza mkaa iliungua. Tulikwenda na mafagio yetu. Mkwe wangu alisimama mbele yetu na mikono yake yenye makovu.

"Yawekeni chini."

Mke wa muuza mkaa alikuwa amekaa juu ya jiwe, hatazami kitu. Mkwe wangu akaketi chini karibu naye. Hakusema neno. Tulisubiri mpaka jua likatuchoma visogo, na Kengele hakukohoa hata mara moja.

Mwishowe mkwe wangu akauliza taratibu, "Dada, tuanzie wapi?"

Mwanamke yule akanyoosha kidole. Ndipo tukafunga pua, tukaingia.