Gari la Harusi Halirudi Nyuma

Jumamosi hiyo Majengo hapakuwa na pa kuweka mguu. Wauza mitumba walikuwa wamemwaga nguo hadi barabarani, bodaboda zinapenya kwa kubembeleza, na katikati ya zogo hilo harusi mbili zikakutana uso kwa uso kwenye mtaa mwembamba, kila moja na matarumbeta yake.

Aurelia alikuwa kwenye usukani wa Datsun la marehemu baba yake. Songea nzima inalijua gari lile: halina paa, rangi ya maziwa, viti viwili vya ngozi nyekundu, limeingia mjini mama yake Aurelia akiwa bado ananyonya. Juu ya turubai lililokunjwa nyuma walikaa maharusi wake wa siku hiyo, wametoka kanisani, wanapunga mikono kama wabunge. Mbele yao likatokea gari jeusi la michezo, jipya, limelala chini kabisa, vioo vyeusi. Ndani mlikuwa na dereva na bibi harusi anayewahi misa.

"Wewe wa jeusi! Rudi nyuma!" Aurelia alipaza sauti.

Dereva akashusha kioo. Kijana mrefu, suti ya bluu, ndevu zimechongwa vizuri, na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa.

"Dada yangu, hata salamu hakuna? Gari la harusi halirudi nyuma. Unataka huyu binti wa watu arudi kwao kabla ya mwaka?"

"Na langu ni la nini, la kubebea mkaa?"

"La kwako wameshaoana, hawana haraka."

"Hawana haraka kwa sababu hawakulala saluni!"

Watu waliangua kicheko. Bendi zote mbili zikaona hapo ndipo pa kuonyeshana ubabe, zikapuliza mpaka watoto wakaziba masikio. Hakuna aliyethubutu kumwambia dereva yeyote arudi hata hatua moja, maana mwiko ni mwiko. Mwishowe wapagazi wa sokoni wakachoka kusubiri. Walilishika Datsun huku na huku, maharusi wamo, wakalinyanyua na kuliweka kwenye kibaraza cha duka la Swalehe. Vigelegele vikapanda, gari jeusi likapita. Lakini katika msukumano ule mdomo wa tarumbeta ukagonga kioo cha mbele cha Datsun, kikapasuka toka juu hadi chini.

Kijana alilisimamisha gari lake mbele kidogo, akashuka mbio.

"Pole sana. Kosa langu. Nitakutafutia kingine."

"Kioo hiki hakiuzwi dukani, kaka."

"Basi nipe namba, nikikipata nikuambie."

"Ujanja wa namna hiyo nimeuona tangu sekondari," Aurelia alisema. Lakini namba alitoa, tena bila kukosea hata tarakimu.

Jioni simu ikalia.

"Naongea na mwenye babu?"

"Babu gani?"

"Datsun. Hujui kwamba lako na langu ni ukoo mmoja? Kule Japani yote yanaitwa Fairlady. Lako lilitangulia, langu likafuata. Lako babu, langu mjukuu."

"Hee! Mjukuu mwenyewe hana adabu. Anapishana na babu yake bila hata kumwamkia?"

Ndani ya simu zikasikika honi mbili fupi.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Shikamoo."

Aurelia alicheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Jina lake Thadeo, mtu wa Mbinga, alikuwa amerudi kutoka Dar na gari hilo kuja kufanya biashara ya maharusi. Alipanga nyumba Ruhuwiko, na Aurelia hakuchoka kumtania jinsi anavyopita matuta ya huko kiubavu, taratibu, akiogopa kukwaruza tumbo la gari. "Babu angeruka," alimwambia kila mara. Thadeo naye alijibu, "Babu akiruka, anaacha ekzosi njiani." Biashara ilikuwa ile ile moja, walipaswa kuwa maadui, lakini ndiyo hivyo, moyo haujui ushindani. Wakawa wanakula pamoja wali na mbasa wa Ziwa Nyasa, Thadeo akimtolea miba, wakigombania kichwa cha samaki.

Siku moja mezani Aurelia alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Baba alituahidi mimi na Suzana kwamba atatupeleka kanisani kwa Datsun, mmoja mmoja. Akafa kabla. Sasa mdogo wangu anaolewa Agosti, nami nitampeleka badala yake. Siku hiyo ndipo nitaamini kwamba mzee Sixbert amepumzika."

Thadeo aliacha samaki, akamshika mkono. "Utampeleka, mpenzi."

Maneno matamu. Ila Songea harusi si ya bibi harusi wala ya dada yake, harusi ni ya kamati. Mwenyekiti alikuwa Mjomba Polikarp, mtu wa kupenda vikao kuliko harusi yenyewe, na katika kikao cha magari akasimama akarekebisha tai.

"Ndugu wajumbe, tuache mambo ya makumbusho. Mji huu una gari la kisasa. Binti yetu apande la kisasa."

Aurelia alimgeukia mdogo wake. Suzana akainamisha macho.

"Dada, usinielewe vibaya. Nywele, shela, vumbi la barabarani... Na kioo chenyewe kimepasuka. Picha zitaonekanaje?"

Wajumbe wakapiga makofi, shauri likapita. Aurelia alitoka nje ameuma midomo. Alikuwa bado uani Thadeo alipopiga simu.

"Aure wangu, mjomba wako amenipigia. Anataka gari langu kwa harusi ya Suzana. Nikatae?"

"Kwa nini ukatae? Kazi ni kazi."

"Una hakika?"

"Nimekuambia kazi ni kazi!"

Alitaka akatae. Kila kiungo cha mwili wake kilitaka akatae, lakini ulimi ukasema vingine, na wanaume nao husikia ulimi tu. Thadeo akakubali kazi.

Kabla kidonda hakijakauka, alifika nyumbani mzee mmoja nadhifu, kanzu nyeupe na koti, kutoka Dar. Akajitambulisha kuwa ni Abdulatifu, mkusanyaji wa magari ya zamani. Alilizunguka Datsun akilipapasa kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari.

"Thadeo ndiye aliyenipa habari za gari hili, binti. Taja bei yako, mimi sibishani."

Masikio ya Aurelia yakavuma. Alimwomba mzee muda wa kufikiri, akaingia chumbani, akapiga simu.

"Thadeo! Kuchukua harusi ya mdogo wangu hakukutosha?"

"Mama, kuna nini?"

"Usiniite mama. Umeniletea mnunuzi, ili babu aondoke mjini ubaki peke yako. Mjukuu gani anamzika babu yake akiwa hai?"

"Aure, sikumtuma kununua, mimi nilimwomba tu..."

"Alikuja kusali, siyo?"

Akakata. Akamfungia namba kabisa, asipige tena. Wiki nzima alipaka poda juu ya macho yaliyovimba, na taratibu wazo likamkaa: baba hayupo, mdogo wake halitaki, kamati hailitaki. Basi liende. Harusi ikipita, atauza.

Asubuhi ya harusi, akiwa amevaa gauni la kijani kibichi na kilemba cha kitenge, alimpigia mzee Abdulatifu kumwambia aje Jumatatu alichukue.

"Alhamdulillah!" mzee alisema. "Lakini binti, nisikufiche, kijana wako atanichukia. Yeye alinitafuta kwa ajili ya kioo cha mbele tu. Miezi miwili ananipigia, kioo, kioo, kioo cha mchumba wangu. Habari ya kununua ni mimi mwenyewe nilijaribu bahati. Kioo nimeshamtumia."

Aurelia alikaa kitandani bila kujua kwamba amekaa juu ya mkoba wake.

"Halo? Binti?"

"Nipo, mzee. Nitakupigia."

Kioo cha mchumba wangu! Alifungua jina la Thadeo kwenye simu, akalitazama, akalifunga. Angeanzaje? Alimtukana, akamfungia simu, leo ajirudi mwenyewe kama mtoto aliyekataa chakula? Kiburi kikamkaba. Alivua viatu vya visigino ili apate kukanyaga pedali vizuri, akampakia mama yake kwenye Datsun, akaenda kulipanga nyuma kabisa, nje ya geti la kanisa, kama alivyoagizwa na kamati.

Misa ilikuwa nzuri. Suzana aling'aa, Remmy bwana harusi alitoa jasho, pete zikavishwa. Maharusi wakatoka, matarumbeta yakalia, mchele ukarushwa, na gari jeusi likawa linawangoja chini ya ngazi, Thadeo amesimama kando yake katika suti ile ile ya bluu. Aliinama, akamkabidhi Remmy ufunguo.

"Karibu, bwana harusi. Hili ni la watu wawili. Maharusi wangu wote huendesha wenyewe kutoka kanisani."

Remmy aliutazama ufunguo kama ameshikishwa nyoka.

"Kaka, mimi sijui kuendesha. Hata baiskeli nilijifunzia ukubwani."

Matarumbeta yakakatika moja moja. Thadeo akamgeukia Mjomba Polikarp. "Mwenyekiti, mimi nilikuambia gari lina viti viwili. Ukasema maharusi nao ni wawili."

Mama yangu wee! Kamati nzima, vikao vyote vile, soda zote zile, na hakuna aliyeuliza kama bwana harusi anajua kuendesha. Thadeo akiendesha, mmoja wa maharusi atembee kwa miguu. Suzana macho yalikuwa yameanza kulengalenga. Alitazama juu ya vichwa vya watu, akamwona dada yake getini.

"Dada!" aliita mbele ya kanisa zima. "Dada Aurelia, nisamehe! Lete gari la baba!"

Aurelia alikimbia pekupeku hadi kwenye Datsun, mama yake akashuka, injini ikaitika mara moja. Alipoingia getini akakwama. Njia ya kufika ngazini ilikuwa moja, na katikati yake limekaa gari jeusi, pua kwa pua na lake, kama siku ile Majengo.

Thadeo aliingia kwenye gari lake. Akatia gia ya kurudi nyuma.

"Wee! Usithubutu!" Mjomba Polikarp alipiga kelele. "Gari la harusi halirudi nyuma! Unatutakia mkosi?"

"Kama ni mkosi, mjomba, naubeba mimi," Thadeo alijibu. Akarudi nyuma polepole, kanisa zima likitazama, mpaka tairi zake zikaingia kwenye bustani ya maua. Ngazi zikabaki wazi.

Aurelia hakujua alivyofika pale. Alijua tu kwamba uso umelowa, na Thadeo amesimama karibu na mlango wake.

"Umerudi nyuma," alimwambia.

"Kwako tu. Si kwa mwingine."

"Mzee Abdulatifu ameniambia kila kitu. Na mimi narudi nyuma, Thadeo. Nilikukosea. Nisamehe, mpenzi wangu. Na gari haliuzwi."

"Kioo kiko nyumbani, nimekiviringisha kwa blanketi langu. Nimelala na baridi wiki nzima." Akainama, sauti ikashuka. "Ila niambie jambo moja. Kwenye harusi yetu, tutapanda lipi? Babu au mjukuu?"

"Yetu?"

"Yetu."

Suzana na Remmy walikuwa wameshapanda juu ya turubai, wanasikia kila neno. Wapuliza tarumbeta walishusha pumzi ili nao wasikie. Aurelia alijifuta machozi kwa ncha ya kilemba, akatazama viti vile vyekundu, akacheka.

"La baba," alisema kwa sauti ya kufika getini. "Na usukani nashika mimi!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, Remmy na Suzana hawakuvipata. Mama alijaribu kupiga chake, kilio kikamzidi, akaishia kumkumbatia Thadeo na kumpaka poda suti nzima.

Msafara ukashuka mjini. Mbele lilikwenda Datsun, kioo chake kimepasuka, Suzana amesimama juu nyuma, shela linapepea, nywele zimevurugika na hajali, watu wa Majengo wanatoka madukani kumshangilia kwa jina. Nyuma lilifuata lile jeusi, mama amekaa mbele karibu na Thadeo akiifurahia baridi ya kiyoyozi na kuuliza swichi hii ya nini. Walipolifikia duka la Swalehe, pale pale kwenye kibaraza, Thadeo alipiga honi mbili fupi.

Aurelia alibonyeza yake moja ndefu, akaishikilia mtaa mzima. Marahaba, mjukuu. Marahaba.